Meno ya kupandikiza au meno ya kuvua: uchague vipi ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Mtu aliyeng'olewa meno na sasa anataka kuyarudisha ana njia mbili kubwa mbele yake. Kuna meno ya kuvua, yale ya kutoa usiku na kuvaa asubuhi. Na kuna meno ya kupandikiza, ambapo daktari huchimbia skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa wa taya, kisha jino hufungwa juu yake. Ndugu na majirani wakiniuliza lipi bora, nami huwauliza: pengo liko wapi, mfupa umebaki kiasi gani, na ukisharudi nyumbani Ludewa, Chunya au Makete, nani atakushughulikia siku kitu kikilegea? Hilo la tatu watu hulisahau, na kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini naliona ndilo zito kuliko yote.

Si kila pengo linataka jino jipya

Kabla ya kuhesabu fedha, jiulize kama pengo lenyewe lina haja ya kuzibwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja meno 20 kuwa kiwango cha chini cha kinywa kinachofanya kazi yake vizuri kwa mtu mzima. Utafiti uliofanyika kwa watu wazima hapa hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba mtu mwenye meno ya mbele na magego madogo yote, pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, anatafuna vya kutosha. Kwa hiyo kama umepoteza gego la nyuma kabisa, unakula vizuri na hakuna kinachouma, unaweza kuliacha pengo hilo. Usikubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Pengo la katikati ni habari nyingine. Jino la jirani huanza kulala kuelekea kwenye nafasi, na la upande wa pili hushuka au kupanda likitafuta mwenzake. Chakula hunasa, fizi huvimba, na baada ya miaka michache tatizo la jino moja limekuwa la meno matatu. Pengo la mbele nalo halihitaji maelezo. Anayejua kuishi na kiganja mdomoni kila anapocheka anajua ninachosema.

Yanavyokaa mdomoni

Meno ya kuvua hukaa juu ya fizi. Ya kuziba mapengo machache hushikiliwa na vikulabu vinavyokumbatia meno yaliyobaki. Ya taya zima hushikiliwa na mate, misuli na umbo la fizi yenyewe. Mengi hutengenezwa kwa akriliki, plastiki ngumu yenye rangi ya fizi. Yapo pia yenye fremu ya chuma cha kobalti na kromiamu, ambayo ni membamba, imara, na huegemea meno yaliyobaki badala ya kukandamiza fizi. Na yapo ya nailoni laini, yasiyo na vikulabu vya chuma. Haya watu huyapenda kwa mwonekano, lakini yakivunjika au fizi ikibadilika ni magumu kurekebisha, kwa hiyo simshauri nayo mtu anayeishi mbali na maabara ya meno.

Kupandikiza kulianza kwa daktari na mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark. Miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani, na alipotaka kuvitoa vikakataa, kwa kuwa mfupa ulikuwa umeshikamana navyo. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mjini Gothenburg. Siri ni ile ile hadi leo: mfupa hukua hadi ukagusana na titani bila kitu katikati, na kazi hiyo huchukua kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6.

Mdogo wangu anafanya biashara ya mbao Mafinga. Alipoteza gego kubwa la chini upande wa kulia na akapandikiza. Nilikaa naye chumbani siku ya upasuaji. Daktari alimchoma ganzi kama ya kung'oa jino, akapasua fizi kidogo, akaanza kutoboa mfupa kwa keekee ndogo inayozunguka taratibu, huku maji baridi yakimiminika muda wote. "Utasikia mtetemo, kaka, si maumivu. Ukisikia uchungu inua mkono," alimwambia. Yale maji yana kazi kubwa, kwani mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja hivi huanza kufa, na skrubu haishiki kwenye mfupa uliokufa. Mkono haukuinuka. Usiku ule alivimba shavu, akameza dawa za maumivu, na kesho yake akala uji na parachichi.

Kutafuna

Hapa tofauti ni kubwa, na ni vizuri kuambiana ukweli. Mtu mwenye meno ya kuvua ya taya zima huuma kwa nguvu kama robo tu ya mwenye meno yake, mara nyingine chini ya hapo. Wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi, maharage yaliyoiva na ugali vinapita bila shida. Kande la mahindi magumu, nyama ya mbuzi ya kuchoma, hindi la kuchoma, muwa: hapo utafanya mazungumzo na kisu kabla ya kutia mdomoni. Jino la kupandikiza lililofungwa vizuri huuma karibu sawa na jino la asili, kwa sababu limeota mfupani. Halina neva ndani, kwa hiyo maji ya Makete mwezi wa saba hayalitetemeshi, ingawa meno ya jirani yataendelea kulalamika.

Lakini usiyatupe meno ya kuvua kwa sababu ya hilo. Yaliyotengenezwa kwa mikono yenye subira hubadilisha maisha ya mtu. Mama yangu anaishi Iringa, na alifika mahali hana jino hata moja. Majirani wakimsalimu "Kamwene", alikuwa anajibu huku ameziba mdomo kwa pembe ya kanga. Tulipompeleka kutengenezewa meno, daktari hakuwa na haraka. Alichukua alama za fizi, akapima urefu wa uso mama akiwa ametulia, akamsogeza dirishani kuchagua rangi ya meno kwa mwanga wa jua. Safari iliyofuata meno yalikuwa yamepangwa kwenye nta, hayajawa plastiki bado.

"Mama, sema sitini na sita."

"Shitini na shita."

"Usijali, mama yangu. Sema tena, polepole."

Aliyatoa, akasogeza meno mawili ya mbele kwa kisu kidogo kilichopashwa moto, akayarudisha. Mara hii sauti ilitoka safi. Hatua hiyo ya nta ndiyo inayorukwa na wanaokimbilia kumaliza kazi kwa siku moja, na ndiyo inayoamua kama mtu atayavaa meno yake au atayafungia kabatini. Ukiambiwa utachukuliwa alama leo na kesho ukabidhiwe meno ya taya zima bila kuyajaribu kwenye nta, uliza kwa nini.

Wiki ya kwanza fizi ya chini ilimchubuka. Hilo ni la kawaida, na dawa yake si kuvumilia wala kuyaacha. Unarudi ukiwa umeyavaa, daktari anapaka kirangi kuona yanapogusa sana, anasaga kidogo hapo, na kwisha. Wengi huku huyavua siku ya tatu, hawarudi tena, kisha husema meno ya bandia hayafai.

Taya la chini ni kesi yake

Seti ya juu ya mama ilishika tangu siku ya kwanza, na hiyo ni desturi ya seti za juu: hufunika kaakaa lote, mate hutengeneza mvuto, hewa haipiti. Ya chini haina kaakaa. Inakaa juu ya ukingo mwembamba wenye umbo la kiatu cha farasi, huku ulimi ukiisukuma kutoka ndani na shavu kutoka nje. Na mfupa wenyewe unapungua. Vipimo vya muda mrefu vilivyochapishwa mwaka 1972 vilionyesha kwamba kwa watu wanaovaa meno ya taya zima, ukingo wa taya la chini huisha karibu mara nne ya ule wa juu. Ndiyo maana bibi zetu wengi wanavaa ya juu tu.

Kwa watu hawa kuna njia ya katikati ambayo haitangazwi vya kutosha, nami ningependa kila familia yenye mzee iijue. Daktari hupandikiza skrubu mbili tu, mbele ya taya la chini, eneo ambalo mara nyingi mfupa bado upo na mshipa mkuu wa fahamu wa taya haufiki. Juu ya skrubu huwekwa vifungo, na seti ya kuvua hubanwa juu yake kama kifungo cha shati cha kubana. Bado unaivua usiku na kuiosha, lakini hairuki ukicheka wala haichezi ukitafuna. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walikubaliana kwamba hii iwe chaguo la kwanza kwa mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini, badala ya seti ya kawaida. Skrubu mbili, si kumi. Sisi tumeshaanza kumchangia mama.

Mfupa hausubiri

Jino likishang'oka, mfupa uliolishika hauna kazi tena na mwili huanza kuula. Ndani ya mwaka 1 upana wa ukingo kwenye pengo la gego unaweza kupungua kwa karibu nusu, na theluthi mbili ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Meno ya kuvua hayazuii hali hiyo, kwa sababu hukaa juu na kukandamiza. Skrubu iliyo ndani ya mfupa huupa kazi, nao hubaki.

Kwa hiyo mwenye nia ya kupandikiza asikae miaka minane akisubiri. Mfupa ukishakonda, daktari hulazimika kuongeza mfupa kwanza, na kwa magego ya juu pengine kuinua sakafu ya uwazi wa hewa ulio juu yake, kando ya pua. Yote yanawezekana, lakini yanaongeza upasuaji, miezi na fedha. Anayetaka meno ya kuvua naye ajue kwamba yatalegea kadiri mfupa unavyopungua. Huongezewa plastiki kwa ndani ili yakae sawa na fizi mpya, na baada ya miaka kama 5 hadi 8 kwa kawaida hutengenezwa upya.

Nani asikimbilie skrubu

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa atulize sukari kwanza, kwa sababu kidonda hakitapona vizuri wala mfupa hautashika. Mvutaji sigara ana hatari karibu mara mbili ya kupoteza skrubu kuliko asiyevuta. Aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, lazima aseme kabla ya kuguswa taya, hata kama ni kung'oa tu. Mwenye fizi zinazotoka damu na usaha atibiwe fizi kwanza. Bakteria wale wale walioangusha meno yake hushambulia pia fizi na mfupa unaozunguka skrubu, na huula bila maumivu hadi inalegea.

Anayeishi na VVU, anayemeza dawa zake na virusi vimefubazwa, hazuiwi. Nalisema wazi kwa sababu mikoa yetu ina watu wengi wanaojinyima matibabu ya meno kwa woga wa kukataliwa.

Vijana nao wasubiri. Mtoto wa miaka 14 aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino la mbele hapandikizwi, kwa kuwa taya lake bado linakua na skrubu haitasogea nalo. Baada ya miaka michache jino lingeonekana limezama. Apewe dogo la kuvua, avae hadi akomae, miaka 18 au 20 na kitu hivi, kisha ndipo mzungumze.

Fedha na kalenda ya shamba

Meno ya kuvua ya akriliki kwa mapengo machache huhesabiwa kwa makumi ya elfu hadi laki. Jino moja la kupandikiza, ukijumlisha picha, upasuaji, skrubu, kiungo kinachokaa juu yake na taji, yaani jino lenyewe linaloonekana, kwa kawaida huingia kwenye milioni. Omba bei iliyochambuliwa kwa maandishi, kila kitu na gharama yake. Wapo wanaotaja bei ya skrubu peke yake. Miezi ikapita, mgonjwa akarudi na kugundua taji ni fedha nyingine.

Jambo moja linatusaidia. Gharama ya kupandikiza huja kwa awamu, na kusubiri kwake kunaingia vizuri kwenye mwaka wa mkulima. Mwenye kahawa Mbozi au mahindi Ismani anashika fedha katikati ya mwaka. Akifanyiwa upasuaji mwezi wa saba, mfupa unashika wakati wa kiangazi, na taji linafungwa karibu na mvua za kwanza za Novemba, kabla hajaingia shambani kupanda. Kwa bima, pata jibu la huduma gani hasa inalipiwa kabla ya kukaa kwenye kiti, kwa sababu kung'oa na kutengeneza meno ni mambo mawili tofauti.

Siku skrubu ikilegea

Meno ya kuvua yakivunjika, mtaalamu wa maabara ya meno huyaunga, mara nyingi kwa siku moja. Usiyagundishe kwa supa glue. Ukikosea hata kidogo vipande havitakutana tena sawasawa, na gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo. Kila usiku yavue, yasugue kwa brashi na sabuni ya kawaida, yaloweke kwenye maji safi. Maji ya moto huyapinda. Anayelala nayo hualika fangasi, na utaona kaakaa limekuwa jekundu.

Jino la kupandikiza likiwa na hitilafu, si kila daktari anaweza kuligusa. Kila kampuni ina skrubu yake na bisibisi yake. Taji likilegea ukiwa Ludewa na daktari wa karibu hana bisibisi ya aina hiyo, mikono yake imefungwa, na wewe utapanda basi kurudi ulikotoka. Ikiwa ulipandikiziwa Dar es Salaam, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni kama 500. Kwa hiyo siku ya upasuaji usiondoke bila karatasi au kadi yenye jina la kampuni, aina ya skrubu, unene na urefu wake, pamoja na nakala ya picha. Mdogo wangu ameipiga picha ya simu na kunitumia mimi pia. Na panga kurudi kwa uchunguzi walau mara moja kwa mwaka hata kama hakuna kinachouma.

Mimi ningechagua hivi

Jino moja limetoka, meno ya jirani ni mazima, mfupa upo, afya nzuri, na kliniki iko mahali unapoweza kwenda na kurudi kwa siku moja: pandikiza. Njia ya daraja, inayosaga meno mawili mazima ili yabebe la tatu, ningeiacha kwa mtu ambaye meno hayo ya jirani tayari yameharibika na yanahitaji taji hata hivyo.

Meno manne au matano yaliyotawanyika, na fedha ni za kuhesabu: chukua ya kuvua, na kama unaweza kujibana, fremu ya chuma kuliko akriliki tupu. Utaona tofauti kwenye fizi zako. Meno yote yametoka: seti ya juu ya kawaida, na ya chini yenye skrubu mbili pale uwezo utakapopatikana, hata kama ni baadaye, mradi mfupa haujaisha. Unaishi mbali, au sukari inapanda na kushuka: seti ya kuvua iliyotengenezwa kwa makini itakutumikia vizuri kuliko skrubu isiyo na mwangalizi. Na mtu akikuahidi jino la kudumu ndani ya dakika chache kwa kumwagia plastiki juu ya meno ya jirani, inuka uondoke. Huwezi kusafisha chini ya plastiki hiyo, na meno mazima yanayoishika yataoza.

Ukianzia hospitali ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, omba upigwe picha ya taya zima kabla ya mazungumzo ya bei. Kisha muulize daktari amefanya kazi ya aina hiyo mara ngapi na nani hufuatilia wagonjwa wake. Daktari mzuri hakasirikii swali hilo. Kazi ikizidi uwezo wa huku, omba rufaa ya maandishi kwenda kwa bingwa wa meno bandia Muhimbili.

Na kama jino bado lipo na ndiyo kwanza unakwenda kuling'oa, uliza kabla koleo halijashikwa kama mzizi wake unaweza kutibiwa likabaki. Huku tumezoea kung'oa kwa sababu tunachelewa kufika. Kutibu mzizi kwa kawaida hugharimu sehemu tu ya bei ya kupandikiza, na mara nyingi humalizika kwa ziara chache.